Nchi Tatu za Mjomba

Mjomba wangu alizuiliwa na polisi karibu na Migori kwa sababu ya karatasi tatu. Ya kwanza ilisema ametoka Tanganyika. Ya pili ilisema ametoka Tanganyika na Zanzibar. Ya tatu ilisema ametoka Tanzania. Inspekta aliyezisoma alikuwa kijana, mgeni katika sehemu zetu, na alimwuliza mjomba mtu mmoja anawezaje kuwa na nchi tatu.

Habari hiyo ililetwa na baba. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwaka wa sitini na nne, wakati wa mvua za vuli. Niliinua macho kutoka kwenye mashine ya taipu nikamwona amesimama nje ya dirisha la ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, mjini Homa Bay, kofia mkononi, matope meusi yamemfika magotini. Baba alikuwa mwalimu wa dini huko Uriri. Hakuwahi kunijia kazini hata siku moja, kwa kuwa ofisi ya serikali aliiheshimu kama alivyoiheshimu madhabahu. Nilidhani mama amekufa.

Mama alikuwa hai. Alikuwa amelazwa hospitalini, mwendo mfupi tu kutoka hapo, na uvimbe tumboni uliomtoa damu kwa wiki nyingi kabla hajakubali kumwambia mtu. Daktari wa upasuaji hakuwa wa pale. Alikuja kutoka Kisumu kila baada ya wiki mbili, akawapasua waliokuwa tayari, akaondoka. Siku yake ya kuja ilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Jumapili muuguzi mmoja alikuwa amenivuta kando na kuniambia bila kuzunguka kwamba mama hana wiki mbili nyingine za kungoja.

Na mama alikuwa amekataa kupasuliwa kabla ya kumwona kaka yake.

Mama alizaliwa ng'ambo ya mpaka, kando ya ziwa upande wa Shirati, na wazazi wao walifariki mapema, huyu kaka akamlea mpaka siku ya kumwoza kwa baba. Nilipomsihi akubali kisu, mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa utulivu ulioniogopesha kuliko kilio.

"Watu wa baba yako watanizika," alisema. "Hiyo ni kazi yao na wataifanya vizuri. Lakini nikifia kwenye kisu, nani atawaeleza kwetu niliondokaje? Mwacheni ndugu yangu aje anione nikiwa bado nina mdomo wa kusema."

Ndipo baba akatuma habari ng'ambo, mjomba akafunga safari, na Jumamosi akateremshwa kwenye basi na polisi waliokuwa wakikagua abiria njiani. Mwanzoni mwa mwaka ule askari wa jeshi waliasi kwetu na kwa majirani, na polisi wa barabarani walikuwa bado hawajatulia. Mjomba alikuwa na stakabadhi ya kodi ya zamani, barua ya kanisa lake iliyoandikwa miezi michache nyuma, na barua mpya ya mwalimu wa shule ya kijijini kwao. Kila mwandishi alikuwa ameandika jina la nchi kama lilivyokuwa siku aliyoandika. Inspekta yeye aliona mtu mwenye karatasi za kuokota. Akampeleka kwenye kituo kidogo kilichokuwa kando ya njia, akamweka ndani.

Kondakta wa basi alifikisha habari Uriri. Baba alikwenda kituoni Jumapili baada ya ibada, akaomba, akaeleza habari ya mama, akaapa. Inspekta hakumtukana wala hakumfukuza. Alimwambia tu jambo moja, na baba alikuwa amelishika neno kwa neno, akanisemea pale dirishani huku mvua ikimdondokea shingoni.

"Niletee barua ya ofisi ya serikali yetu, kwa Kiingereza, inayomtambua huyu mtu na kutaja nchi yake kwa jina lililo sahihi. Likiwa na kosa, namrudisha alikotoka siku hiyohiyo."

Baba aliniuliza kama naweza. Nikamwambia naweza, aende akakae na mama. Sikuwa na hakika hata kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miezi michache ya kazi. Mwanamke wa pekee katika chumba chetu nilikuwa mimi, na wa chini kuliko wote pia. Hakuna barua niliyoweza kuiandika kwa hiari yangu. Barua zote zilianzia kwa karani mkuu. Aliziandika kwa mkono, mimi nikazipiga taipu, yeye akazisoma na kuweka alama ndogo ya penseli kwenye kona ya chini ya barua na ya nakala yake, ndipo zikaingizwa kwa Bwana Mkubwa, mkuu wa ofisi yetu, kutiwa sahihi. Bwana Mkubwa hakusoma. Alitazama kona, akiona ile alama anatia sahihi.

Karani mkuu hakuwa mtu wa kwetu. Alitoka milimani upande wa Voi, kwa hiyo sisi wawili tulizungumza Kiswahili, na Kiingereza alipotaka kunifundisha. Alikuwa amefanya kazi ya serikali tangu kabla sijazaliwa. Shati lake lilikuwa jeupe hata siku za matope, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba niliona haya kuugeuza kuwa taipu. Miezi ile tulikuwa bado tunatumia makaratasi ya zamani yenye kichwa cha enzi ya wakoloni, kwa kuwa yalijaa makasha, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kufuta kwa rula na wino maneno "Colony and Protectorate of" juu ya kila karatasi, nikibakiza "Kenya" peke yake. Mstari ukipinda, karatasi ilitupwa.

Yeye ndiye aliyenifundisha majina ya nchi kwa Kiingereza. Kenya ni Kenya, aliniambia, jina linasimama peke yake, haliwekewi "the" mbele. Lakini ukitaja Koloni, au Jamhuri, au Muungano, hapo "the" ni lazima. Nilikuwa nimezoea kuitupia kila mahali, kama wengi wetu tuliojifunza Kiingereza ukubwani. Mara ya kwanza nilipoandika "the Kenya" aliirudisha barua mezani kwangu bila hasira.

"Ukiandika hivi," alisema, "msomaji anaiacha barua anaanza kukusoma wewe."

Nilimpenda kwa mambo hayo. Nasema hivyo ili ijulikane kwamba nilichokuja kumfanyia sikumfanyia mtu mbaya.

Saa nne ile Jumatatu nilisimama mbele ya meza yake nikamweleza habari yote. Alinisikiliza akiwa ameweka kalamu chini. Aliuliza mama ana hali gani, akanipa pole, akasema hajaona sababu ya kumzuia mtu mzima anayekwenda kumwona dada yake hospitalini. Kisha akavuta karatasi akaanza kuandika palepale, na moyo wangu ukashuka mahali pake. Aliandika mistari sita. Alinipa. Nikasoma, na katika mstari wa tatu nikakuta mjomba ametajwa kuwa mzaliwa wa Tanganyika.

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi, nilimwona amekosea.

"Mzee," nilisema, "nchi hiyo imebadilishwa jina. Sasa ni Tanzania."

"Nani amesema?"

"Redioni wametangaza. Kama wiki tatu sasa."

"Redio haina namba ya faili," alinijibu.

Nilimweleza maneno ya inspekta, kwamba jina likiwa na kosa mjomba anarudishwa. Alitikisa kichwa. Akasema polisi wana nyaraka zao na sisi tuna zetu, na waraka wa kubadilisha jina hilo haujafika mezani kwake. Utakapofika, ataandika jina jipya siku hiyohiyo na kila siku baada ya hapo. Kabla ya hapo, haandiki. Niliendelea kusimama. Nadhani uso wangu ulimwambia kwamba sikumwelewa, kwa sababu alishusha sauti wasisikie wenzetu, akanisimulia jambo ambalo sijui kama alikuwa amewahi kumsimulia mtu mwingine pale ofisini.

Miaka ya hali ya hatari, kabla ya uhuru, akiwa karani kijana katika kituo kingine, aliandika taarifa ndefu ya kwenda Nairobi na ndani yake akaandika "Kenya" peke yake mahali pote, bila kutanguliza Koloni na mengineyo. Hakuwa na nia yoyote. Aliona inasomeka vizuri zaidi. Mzungu wake akamwuliza ni nani aliyemwambia kwamba koloni imekwisha. Akahamishwa kaskazini, jangwani, miaka mitatu. Mke wake alikuwa na mimba.

"Mtoto nilimkuta anatembea," alisema. "Jina la nchi si letu kuliamua, binti. Sisi tunaandika lililoletwa." Kisha akaokota kalamu yake. Mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Nilirudi kwenye mashine. Niliweka karatasi, kaboni na nakala yake, nikaanza kupiga kama alivyoandika. Nilipofika mstari wa tatu vidole vilisita, kisha vikaendelea. Nilimaliza. Akaisoma, akaweka alama yake ya penseli, kamstari kafupi kenye mkunjo mwishoni, akaniambia nimwingizie Bwana Mkubwa pamoja na barua nyingine saa kumi. Kisha akaenda kula chakula cha mchana.

Chumba kilibaki mimi na mzee wa kufagia, aliyekuwa amesinzia mlangoni.

Kama ningelijua vizuri jina lenyewe kwa Kiingereza, pengine ningelifanya jambo lile haraka na bila kufikiri. Lakini sikulijua. Redioni nililisikia kwa Kiswahili, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na nikaketi pale nikijaribu kuligeuza kichwani. Je, ni "Union Republic"? Ni "Republic of the Union"? Linaanza na "the" au halianzi? Inspekta alikuwa amesema likiwa na kosa, na kosa la kwangu lingemrudisha mjomba sawasawa na kosa la karani mkuu, tena mimi ningekuwa nimeiba juu yake. Magazeti ya Bwana Mkubwa yaliyokwisha kusomwa yalilundikwa kwenye kabati la ukumbini. Nikaenda, nikapiga magoti, nikayapekua nikiwa na sikio moja mlangoni. Katika la nne au la tano nikalipata, limeandikwa chini ya picha ya mkutano fulani, "the United Republic of Tanzania". Nikaliandika kwenye kiganja kwa kalamu ya wino.

Nilipiga barua upya. Kila kitu nilikiacha kama alivyokiandika, isipokuwa maneno yale. Kisha nikachukua penseli yangu, nikaweka kwenye kona ya barua na ya nakala kamstari kafupi kenye mkunjo mwishoni.

Ile ya kwanza na nakala yake nilizikunja nikazificha kifuani. Baadaye nilizitupa chooni. Saa kumi niliingia kwa Bwana Mkubwa na barua saba, yetu ikiwa ya tano. Alitia sahihi zote huku akizungumza na mgeni wake juu ya barabara ya Rongo.

Baba alipanda basi la kwanza Jumanne alfajiri, barua ikiwa ndani ya Biblia yake, na Biblia ndani ya mfuko wa mpira. Nilimsindikiza mpaka stendi. Sikumwambia nilichofanya. Baba hakuwa mtu wa kumwachia mzigo kama huo, angekwenda kuuungama.

Siku ile ya Jumanne ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Mvua haikukatika. Nilijua kwamba njia ikiwa mbaya basi litakwama baada ya Rongo, na hakukuwa na namna ya kupata habari. Kila mara karani mkuu alipoinuka nilidhani anaelekea kwenye kabati la mafaili. Kama saa nane aliinuka kweli, akalitoa faili la barua zilizokwenda nje, faili lenyewe, akaliweka mezani akaanza kulipekua kutoka juu, penye barua za mwisho. Nakala yetu ilikuwa ya nne kutoka juu. Nilitazama kidole chake kikifunua ya kwanza, ya pili. Nilikosea herufi nne kwenye neno moja. Akaipata barua aliyokuwa akiitafuta, iliyokuwa ya tatu, akainakili namba yake, akalifunga faili. Nilichomoa karatasi yangu, nikaweka nyingine.

Jioni nilikaa na mama. Alikuwa mwepesi kitandani kama nguo iliyoanikwa, lakini aliuliza swali lilelile, ndugu yake amefika wapi. Nilimwambia yuko njiani. Muuguzi alikuja akaniuliza kama amekubali. Nikasema kesho.

Simu ililia Jumatano kama saa nne asubuhi. Ilikuwa moja tu katika chumba chetu, kwenye meza ya karani mkuu, na laini za siku zile zilikuwa za kelele hata aliyekaa mbali alisikia mkwaruzo wa mtu wa upande wa pili bila kushika maneno. Aliisikiliza. Akasema kwa Kiingereza, ndiyo, hii ndiyo ofisi. Ndiyo, barua hiyo imetoka kwetu. Akasema subiri. Akaweka kiganja kwenye kisemeo, akageuka.

"Niletee nakala ya barua ya mjomba wako. Inspekta anataka nimsomee kwa mdomo, ahakikishe kwamba haikugeuzwa njiani."

Kutoka kwenye kabati mpaka mezani kwake kulikuwa na hatua kama nane. Nilizitembea. Nilimfungulia faili kwenye ukurasa wenyewe kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kufanya, nikabaki nimesimama pale kando ya meza.

Alianza kusoma. Alisoma namba ya faili, alisoma mstari wa kwanza, wa pili, kwa ile sauti yake safi aliyoitumia kwa simu za mbali. Kisha akafika mstari wa tatu akanyamaza.

Sikuinua macho. Nilitazama mkono wake juu ya karatasi. Kidole cha shahada kilikuwa kimesimama chini ya neno lenyewe. Kwenye simu yule inspekta alisema kitu, akakirudia. Makarani wenzangu wawili waliacha walichokuwa wakifanya, maana kimya katika meza ile hakikuwa jambo la kawaida. Nilijua kwamba yote yalikuwa katika kinywa chake. Akisema barua hii si yetu, mjomba anarudi ng'ambo, mama hapasuliwi, na mimi natoka pale na polisi. Wala asingekuwa amesema uongo.

Akasoma. "The United Republic of Tanzania." Alilisoma polepole, kila neno na nafasi yake, kama alivyokuwa akinisomea mimi siku za kwanza. Kisha akasikiliza tena, na nilielewa kutokana na uso wake kwamba anaulizwa jambo jingine.

"Ndiyo," alijibu kwa Kiingereza. "Hilo ndilo jina sahihi. Ndilo tunaloliandika."

Alimalizia mistari iliyobaki, akamtakia inspekta siku njema, akarudisha simu mahali pake. Akainama akaitazama ile kona ya chini kwa muda.

"Hii si yangu," alisema, akigusa alama ya penseli.

"Si yako, mzee."

"Umenifanya niseme kitu ambacho sikukiandika." Hakupandisha sauti. Heri angeipandisha. "Funika mashine yako. Nenda kwa mama. Ijumaa uje, nitakuwa nimekwisha kujua la kufanya na wewe."

Wenzangu walidhani nimepewa ruhusa kwa sababu ya ugonjwa.

Mjomba na baba waliingia hospitalini jioni ile. Mjomba alikuwa mtu mrefu, na nilizoea kumwona akiinama kwenye kila mlango. Safari hii aliinama hata katikati ya chumba. Alikuwa amekaa siku nne kwenye sakafu ya saruji. Mama alimtazama, akamwuliza kama amekula. Akasema amekula. Mama akasema anadanganya, akaniambia nikamtafutie uji.

Niliporudi mjomba alikuwa akieleza, kwa Kijaluo, bila kumtazama mtu. Inspekta alikuwa amemwachilia vizuri, hata akampa mkono. Lakini kabla ya hapo alimsimamisha akamwamuru alitaje jina la nchi yake kwa Kiingereza, kama lilivyo kwenye barua, ili akisimamishwa tena mbele asilete matatizo. Mjomba hakujua Kiingereza. Alijaribu mara tano au sita, askari wakicheka, mpaka alipolitamka namna ya kumridhisha.

"Amenifundisha nchi yangu," mjomba alisema, "mtoto ambaye hajawahi hata kunywa maji yake."

Kisha mama akatuomba baba na mimi tutoke. Walikaa wawili mpaka muuguzi alipokuja na taa. Walichozungumza sijakijua hadi leo, na nilimwuliza mama mara moja tu. Mjomba alipotoka alimwambia muuguzi kwamba dada yake yuko tayari.

Alhamisi walimwingiza wa kwanza. Tulikaa kwenye benchi la nje, wanaume wawili na mimi katikati, tukitazama wanawake wakianua omena, wale dagaa wadogo, waliokuwa wamewaanika kwa sababu wingu lilikuwa linapanda tena kutoka ziwani. Baba alikuwa akiomba kimoyomoyo. Mimi sikuomba. Nilihisi sina uso wa kuomba. Jua lilikuwa limevuka utosi mlango ulipofunguliwa, na daktari akasema kwa kifupi kwamba uvimbe umetoka wote, damu imepotea nyingi, tungojee usiku upite. Usiku ukapita. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanisumbua juu ya kuolewa, akawaona wajukuu. Mjomba alirudi kwao wiki iliyofuata na hakuvuka mpaka tena. Kila alipoalikwa alijibu kwamba magoti yanamsumbua. Ikawa mama ndiye anayekwenda.

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya wote. Meza yangu ilikuwa imehamishwa. Mashine ya taipu ilikuwa imewekwa upande wa pili wa chumba, imefunikwa, na pale nilipokuwa nikikaa palikuwa na rundo la bahasha na rejista ya barua zinazoingia. Karani mkuu aliniambia kwamba kazi yangu kuanzia leo ni kupokea na kuandikisha. Hakutaja kitu kingine, siku ile wala miezi iliyofuata. Hakuniandikia ripoti. Kama angeandika, ningefukuzwa, na pengine kushtakiwa kwa kughushi alama ya mkubwa wangu, na nisingekuwa na la kujitetea. Nilikaa kwenye bahasha zile muda mrefu. Binti mwingine aliletwa akapewa mashine.

Waraka wa jina uliingia kabla mwaka haujakwisha. Niliufungua mwenyewe, kwa kuwa barua zote zilipitia kwangu sasa. Tarehe yake ilionyesha kwamba uliandikwa kabla ya ile Jumatatu baba aliponijia, ukatangatanga katika vituo vingine. Niliuandikisha kwenye rejista, nikaupeleka mezani kwake. Aliusoma, akaweka alama yake, akaandika majina ya wote waliotakiwa kuuona. Jina langu lilikuwa la mwisho. Niliweka alama yangu na nikaurudisha. Alikuwa akiandika, hakuinua kichwa.

Alinirudishia mashine baada ya yule binti kuolewa na kuondoka. Tangu hapo kila barua niliyoipiga aliisoma mara mbili, kabla ya sahihi na baada ya sahihi, na wenzetu walidhani uzee umemfanya awe na shaka na kila kitu.

Mwaka wa sitini na saba nilipata uhamisho wa kwenda Kisii. Siku ya mwisho nilingoja mpaka wengine wametoka, nikaenda mbele ya meza yake nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka mitatu, lakini yalitoka yamevurugika. Nilisema kwamba nilikuwa naogopa mama atakufa, na kwamba nilijua jina lile ni sahihi, ila haikuwa haki yangu kumwekea maneno kinywani.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Nyumbani nilikuwa na redio," alisema. "Jina lile nililisikia siku uliyolisikia wewe. Nilijua kwamba nimeandika kosa, na nilijua litamrudisha yule mzee. Nikaandika hivyohivyo." Alivaa miwani yake. "Kwa hiyo usiniombe radhi sana."

Akavuta karatasi iliyokuwa mbele yake, akaigeuza upande wangu. Ilikuwa barua ya uhamisho wangu, aliyoipiga mtu wa Kisumu, bado haina sahihi. Akasema ina makosa mawili, niketi niipige upya ndipo niondoke, wasije wakaanza kunisoma mimi huko niendako. Nikaketi. Kosa la kwanza nililiona mara moja. La pili ilibidi anionyeshe.